Chumba cha Mahari

Macho alikwenda na tepu mkobani kupima dirisha, akakuta dirisha limeshavalishwa pazia. Pazia lenyewe jekundu la kumetameta, ambalo yeye asingelitundika hata jikoni. Alisimama kibarazani akidhani amekosea mlango. Akageuka nyuma. Geti la hospitali lilikuwa pale pale ng'ambo ya barabara, na muuza magazeti alikuwa pale pale kwenye kigoda chake. Hakuwa amekosea.

Jina la Macho alilipata kazini. Alikuwa mpimaji macho katika zahanati ndogo ya mtu binafsi, akiajiriwa na daktari aliyependa kusema "mashine zangu" na "wagonjwa wangu", hata wale ambao hajapata kuwaona. Waliokuja kwake wakipapasa walitoka wakisoma vibao vya maduka kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Basi mtaa mzima ukamwita Macho, na mwisho hata mama yake mzazi akaliacha jina alilompa mwenyewe.

Kwa hiyo Wakili, mchumba wake, alipomwuliza ataje mahari anayoitaka, hakufikiri mara mbili. Alitaja chumba cha mbele cha nyumba ndogo ambayo Wakili alirithi kwa shangazi yake.

Wakili alicheka. "Wenzako wanataja dhahabu."

"Dhahabu siwezi kuingia ndani yake nikafanya kazi," alijibu.

Tangu siku hiyo alikuwa anakipanga chumba kichwani. Kiti cha kupimia upande wa kulia, mbali na mwanga. Ubao wa herufi ukutani. Kabati la fremu karibu na mlango ili mpita njia azione. Usiku alilala nacho, asubuhi akaamka nacho.

Sasa akasukuma mlango. Ndani kulikuwa na viti viwili vya kinyozi, vya ngozi nyeusi, vikitazama kioo kilichotanda ukuta mzima. Kaka yake alikuwa amepanda juu ya stuli na msumari mdomoni, akipigilia rafu ya kuwekea mashine za kunyolea. Alipomwona kwenye kioo, uso ukamchanua.

"Mgeni wa kwanza ni wewe," alisema akiutoa ule msumari. "Ingia, ingia. Hiki cha kushoto kinazunguka, kikalie."

Macho hakukalia. Alimwuliza, kwa upole ambao yeye mwenyewe aliushangaa, amekipataje chumba. Kaka akashuka. Alisema baba ndiye aliyempasha habari, kwamba mahari ya binti ni ya nyumbani, na nyumbani wameonelea apewe yeye. Wakakwenda wote watatu ofisi ya ardhi, baba, yeye na Wakili, chumba kikahamishwa na kuandikwa jina lake yeye kaka. Wakili alitia sahihi bila neno. Na yeye kaka alimshika Wakili mkono akamwambia, shemeji, wewe ni mtu na nusu.

Hapo akasita. Aliutazama uso wa dada yake, kisha ile tepu iliyochungulia mkobani.

"Nilidhani wewe ndiye uliyesema nipewe," akasema polepole.

"Pazia zuri," Macho alimjibu, akatoka.

Kutoka pale hadi ofisini kwa Wakili si mbali, lakini siku hiyo barabara ilimrefukia. Alitembea akimkumbuka mwanamume aliyeingia zahanati macho mekundu kwa kusoma majalada, akalalamika kwamba herufi zinamchezea ngoma. Alimtengenezea miwani. Siku ya pili akarudi, eti imelegea. Akaikaza. Akarudi tena, eti sasa inabana. Mara ya tatu Macho aliishika ile miwani, akaitazama, akamtazama mwenyewe, na Wakili akainamisha kichwa kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

Wanawake wengine hutongozwa kwa mashairi. Macho alitongozwa kwa sheria. Jioni walikaa kwenye benchi la zahanati baada ya wagonjwa kuisha, naye Wakili akimweleza kesi zake, bila kutaja majina, na jinsi watu wanavyoumizana kwa kutojua maneno. Alisema mahari ni kile anachotoa mwanamume kumpa mwanamke anayemwoa, na ni mali ya huyo mwanamke. Si ya baba yake, wala kaka yake, wala ukoo. Alichokuja nacho kutoka kwao, kiwe kitanda au sufuria, kinabaki chake. Watakachochuma pamoja ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Na mtu akimpa mwenzake kitu kwa hiari yake, hiyo ni hiba.

"Lakini huwezi kutoa hiba ya kitu kisicho chako," alimwambia siku moja, akichezea vidole vyake. "Huo ni wizi wenye adabu."

Macho alikuwa amecheka. Alimpenda zaidi kwa neno lile kuliko kwa yote aliyopata kumwambia.

Sasa alimkuta mezani, koti amelitundika nyuma ya kiti, karani wake ameshaondoka. Wakili aliinuka haraka, mikono mbele. Macho akabaki mlangoni, na mikono ile ikakosa pa kwenda.

"Natoka chumbani kwangu," alisema. "Nimemkuta kaka yangu."

Wakili alivua miwani, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Kaa kwanza."

"Ulitia sahihi wewe mwenyewe?"

"Nilitia. Kaa, Macho, nikueleze."

Alimweleza amesimama. Alisema baba alimwita peke yake, akamwambia maneno ya mzazi. Kwamba binti ana kazi yake na mshahara wake, ila kaka mtu ametolewa kwenye kibanda alichokuwa amepanga na ana watoto wa kulisha. Kwamba chumba kikienda kwa kaka, harusi iwe mwezi huu; kikienda kwa binti, basi wazee wangehitaji muda wa kufikiri, na muda huo hakuna ajuaye mwisho wake. Wakili alikuwa ameshawahi kuambiwa angoje kidogo na wazazi wa mwanamke mwingine, zamani. Alingoja, na mwanamke akaolewa na mtu mwingine. Safari hii hakutaka kungoja.

"Niliogopa kukukosa," alisema. "Wangeniambia nitoe nyumba nzima ningetoa. Ningetoa chochote."

"Chochote chako."

"Ndiyo."

"Hiki kilikuwa changu."

Nje pikipiki ilipita ikiguruma, wote wawili wakaingoja ipite, kana kwamba ndiyo iliyokuwa na zamu ya kusema.

"Nilipanga kukulipa," alisema. "Tukishaoana, tungejenga kingine, kikubwa kuliko kile. Naapa."

"Tukishaoana utakachochuma si chetu sote?"

"Ndivyo."

"Basi ungenilipa kwa mali yangu mwenyewe." Sauti yake haikupanda. "Hayo umenifundisha wewe. Ningeyatoa wapi mimi?"

Angekuwa mwingine, Macho angesema hakujua. Baba yake hakujua, au alijua kidogo akasahau kwa makusudi. Kaka yake hakujua kabisa. Huyu alijua neno kwa neno. Hilo ndilo lililomkata maini.

Wakili alizunguka meza, akamsogelea hadi Macho akasikia harufu ya sabuni aliyomnunulia yeye mwenyewe. Akamnong'oneza kwamba bado jambo linatengenezeka. Jioni wazee wanakutana kupanga siku ya harusi. Aseme tu mbele yao kwamba chumba amempa kaka yake kwa hiari. Kuanzia hapo inakuwa hiba, imetoka kwa mwenyewe, hakuna aliyemdhulumu mwenziwe.

"Neno moja tu," alisema.

Macho alimtazama machoni, karibu sana, kama alivyozoea kutazama macho ya watu siku zote. Alilitaka lile neno litoke. Mwili mzima ulilitaka, maana kule ofisini, pamoja na yote, bado alitamani kuegemeza paji la uso kwenye shati lile na kulala hapo.

"Tutaonana nyumbani," alisema.

Jua halijazama walipokusanyika sebuleni kwa baba yake. Viti vya plastiki viliazimwa kwa jirani. Baba alikaa karibu na dirisha, amevaa koti lake la safari. Mama alikuwa anapitisha chai bila kumtazama mtu. Kaka alikaa pembeni, magoti yamebanana, kama mtu aliyepanda basi bila nauli. Wakili hakuwa na wazazi. Alikuja na mjomba wake, mzee mcheshi asiyesikia vizuri, ambaye kila baada ya maneno kidogo alimwinamia mpwawe kumwuliza wamesemaje.

Baba alianza kwa maneno ya kumshukuru mkwe. Macho akamwacha amalize. Kisha akasema, akiwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, kwamba kabla ya kupanga siku angependa kujua ni nani aliyeigawa mahari yake.

Mama akaweka birika chini.

Baba hakufoka. Pengine ingekuwa rahisi kama angefoka. Alimweleza kwa utulivu mbele ya wote kwamba ada ya shule haikuanguka kutoka mawinguni. Walikuwa watoto wawili na uwezo wa kusomesha mmoja. Kaka ndiye mkubwa, kaka ndiye aliyestahili, na ni kaka aliyefunga daftari lake akashika mkasi ili mdogo wake afike alikofika. Vichwa vya watu alivyonyoa kaka ndivyo vilivyomfanya yeye aitwe leo daktari.

"Chumba kimekwenda kinakostahili," alimaliza. "Wewe unayejua kusoma macho, hilo huoni?"

Macho aliliona. Alikuwa akiliona tangu zamani, jioni kaka akirudi nywele za watu zimemganda shingoni, akimwuliza leo mmesoma nini, naye akimsomea hadi kaka anasinzia akiwa amekaa. Hakuna siku aliyosahau.

"Mngeniomba, baba," alisema.

"Mzazi hamwombi mtoto."

"Mngeniomba ningempa. Ningempa siku ile ile, kwa mikono miwili. Hakuna aliyeniomba. Mlikaa watu watatu mkagawana changu, na mimi nilikuwa kazini."

Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba basi, maji yakimwagika hayazoleki, na sasa wanamwomba. Amwombe nani tena kama si mwanawe. Aseme amempa, wafunge ukurasa, wanywe chai.

Wote wakamgeukia. Wakili naye alikuwa anamtazama, na mtazamo ule ulikuwa unamwambia yale yale ya ofisini: neno moja.

"Na nisiposema?" Macho aliuliza. Hakumwuliza mama. "Wewe ndiye unayejua. Nikikataa kusema, nikaghairi kuolewa, sheria inasemaje?"

"Macho, tafadhali."

"Waambie. Hawajui."

Wakili alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai muda mrefu. "Mwanamke akighairi kabla ya ndoa kufungwa," alisema, "mahari hurudi kwa aliyeitoa."

Kaka aliinua kichwa. Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kama Wakili angeishia hapo, huenda mambo yangekuwa mengine. Macho alilifikiria sana hilo baadaye, kwamba mwanamume aliyempenda alikuwa ameshafika mlangoni salama, kilichobaki ni kunyamaza tu. Lakini Wakili alivaa miwani yake, akamgeukia, na kwa sauti ya upole, ile ya kuwasemesha wateja wakubali mapatano, akaongeza:

"Kwa hiyo fikiri vizuri. Hapa si mimi na wewe tu."

Akamwelekeza kaka kwa macho. Kidogo tu. Lakini Macho kazi yake ilikuwa kutazama macho yanakokwenda.

Akaelewa kwamba kaka yake amewekwa juu ya mizani, pamoja na watoto wake na viti vyake viwili, na aliyemweka pale ni mtu aliyekuwa akimnong'oneza kwenye benchi habari za haki ya mke. Kitu fulani kifuani, ambacho tangu mchana kilikuwa kinaning'inia kwa uzi, kikakatika. Hakikuuma hata. Kiliacha tu nafasi.

"Kaka, nisamehe," alisema. "Siolewi."

Baba alisimama. Mama akashika mdomo. Mjomba akamwinamia Wakili. "Wamesema siku gani?" akauliza.

Baba ndipo alipofoka. Alimwita mchoyo, akamwita asiye na shukrani, akauliza ni binti gani anayemtupa ndugu yake barabarani kwa ajili ya chumba. Aliendelea hadi kaka aliponyanyua mkono, si juu sana, kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu.

"Baba, nilipoacha shule nilimpa," alisema. "Sikumkopesha. Aliyekuwa anadai miaka yote ni wewe."

Akasema kesho atatoa viti vyake. Alisema akitazama sakafu, wala hakumgeukia dada yake. Maneno yalikuwa ya kumtetea, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyepigwa, na Macho alijua ni nani aliyempiga.

Wakili alimfuata kibarazani. Walisimama karibu, kwa namna ya watu ambao miili yao bado haijapelekewa habari.

"Chumba namwachia kaka yako," alisema. "Uolewe, usiolewe. Ninampa bure."

"Hicho sasa kimerudi kwako. Mpe umtakaye."

"Nilifanya yote kwa sababu nakupenda. Hata hilo huamini?"

"Naamini," Macho alisema. "Ungekuwa hunipendi ningeshakusamehe."

Aliona mkono wa Wakili unaanza kuinuka kumgusa shavu, ukaishia hewani, ukarudi mfukoni. Kisha akashuka ngazi, akamshika mjomba wake kiwiko, akamwongoza hadi getini. Kaka alikuwa pale, anaondoka. Wakili alimsimamisha, akamwambia jambo huku akionyesha mkono upande wa hospitali, kulikokuwa na chumba. Kaka akatikisa kichwa kukataa. Wakili akasema tena. Kaka akatikisa kichwa tena, mara hii akimpigapiga bega, kama anayempa pole.

Wakili na mjomba wake wakaingia garini mwao. Gari lilikohoa, likanyamaza. Likakohoa tena, likafa kabisa. Majirani waliokuwa wamekaa nje kwa ajili ya kusikiliza sasa walipata na cha kutazama. Wakili alishuka akafungua boneti, mtu ambaye hakuijua betri wala kabureta, akasimama anatazama ndani kama anayesoma shauri lililoandikwa kwa lugha ngeni. Mjomba alikuwa anauliza dirishani kama wamefika.

Miguu ya Macho ilitaka kwenda. Aliushika mlango. Mama alikuwa nyuma yake, akamwambia bado yupo, mwanangu, bado hajaondoka.

Aliyekwenda ni kaka. Alimwambia Wakili arudi kwenye usukani, atie gia ya pili. Akazunguka nyuma ya gari, akainama, akaweka mikono miwili juu ya buti na kusukuma. Alisukuma peke yake, viatu vikiteleza kwenye vumbi, kupita nyumba ya jirani, hadi gari likastuka, likawaka, likatema moshi na kwenda zake. Halikusimama hata kushukuru, maana lingezimika.

Macho akashuka ngazi, akatoka getini. Kaka alikuwa amesimama katikati ya barabara akijifuta mikono kwenye suruali, anapumua kwa nguvu. Alimwona anakuja. Hakumsogelea, wala hakuondoka.

"Betri imekufa ile," alisema akitazama lilikoelekea gari. "Mwambie anunue nyingine."

"Simwambii tena kitu, kaka."

Kaka alifikiri kidogo, kama aliyekuwa amesahau.

"Eh," alisema. "Ni kweli."

Akainama akakung'uta vumbi magotini, goti moja, kisha jingine, akaondoka kuelekea kwake. Macho alibaki pale barabarani, majirani wote wakimtazama, akalia.